Aliyemuua mama yake ametoka gerezani, anataka kurudi jumuiyani. Ukristo unafundisha nini hasa?

Katibu wa Kigango

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Wenye kejeli leo naomba mpite kimya.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo kwenye kigango kimoja huku Usukumani. Tuko kaya 14, tunasali Jumamosi asubuhi kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Miaka kumi na kidogo iliyopita kijana mmoja wa jumuiya yetu aligombana na mama yake siku ya kupura mpunga. Kisa magunia. Yeye alitaka manne auze amalize deni la pikipiki, mama akasema mpunga hautoki uwanjani kabla hajatenga mbegu na chakula. Kijana alikuwa amekunywa. Akamnyang'anya mama fimbo ya kupuria, akampiga nayo mgongoni, kisha kichwani. Mama alilazwa siku mbili, ya tatu akafariki. Kesi ikaishia kwenye kuua bila kukusudia, akapewa miaka 15, kwa msamaha ule wa theluthi akatoka baada ya 10.

Sasa karudi. Kaungama. Paroko katuita viongozi, akasema kwa upande wa sakramenti huyu mtu kamaliza, tumpokee. Hapo ndipo moto ulipowaka. Mwenyekiti wetu anasema dhambi ya kumuua mama haisameheki, ndivyo alivyofundishwa na katekista wa zamani, kwamba hiyo inakwenda na mtu mpaka mbele ya hukumu. Wengine wanasema inasameheka, ila mtu kama huyo hapaswi kukaa mkeka mmoja na waamini. Na dada yake wa kuzaliwa tumbo moja naye ni mwanajumuiya. Huyo hajasema kitu mpaka leo.

Naomba kujua: je, Ukristo unaihesabu dhambi hii tofauti na mauaji mengine? Na kama inasameheka, tunafanyaje Jumamosi?

Siti ya Mbele

Nimezoea kuja na karanga zangu kwenye nyuzi ndefu. Hii nimeziacha nje.

Mlokole Asiyeyumba

Mbona jambo jepesi hili, mtumishi? 1 Yohana 1:7, damu yake Yesu yatusafisha dhambi YOTE. Haikuandikwa "yote isipokuwa ya mama". Isaya 1:18, zijapokuwa nyekundu sana zitakuwa nyeupe kama theluji. Dhambi isiyosameheka Yesu mwenyewe kaitaja, Mathayo 12:31, kumkufuru Roho. Huyo mwenyekiti wako asome Biblia, aache ya mababu.

Kenge Mzee

Biblia ile ile, Kutoka 21:15: "Ampigaye baba yake au mama yake sharti atauawa." AMPIGAYE. Hata hajaua, kapiga tu. Mstari wa 17, amwapizaye, naye hivyo hivyo. Mnachagua aya kama nyanya sokoni, mnabonyeza ile laini.

Msabato wa Asubuhi

Kijana kavunja amri ya tano na ya sita kwa fimbo moja.

Katibu wa Kigango

Ndugu Msabato, ya nne na ya tano.

Msabato wa Asubuhi

Kutoka 20, hesabu kwa vidole.

Frateri Mkimbizi

Tulimalize hili mapema lisile uzi. Wakatoliki na Walutheri wanafuata hesabu ya Agostino: ya miungu mingine na ya sanamu ni moja, na ya kutamani inagawanywa mbili. Waanglikana, Wasabato na wengi wa Kiprotestanti wanazitenganisha zile za mwanzo. Kwa hiyo "waheshimu" ni ya nne huku, ya tano kule. Na "usiue" ni ya tano huku, ya sita kule. Maandishi ni yale yale. Turudi kwa marehemu mama.

Swali la kwanza la katibu, je, ni tofauti na mauaji mengine? Ndiyo, na hili Kanisa limelisema wazi. Katekisimu ya 1992, namba 2268, inasema kuua mtoto mchanga, ndugu, mzazi au mwenzi wa ndoa ni makosa mazito kwa namna ya pekee, kwa sababu yanakata vifungo vya asili. Mauaji yote ni dhambi ya mauti, lakini hapa kuna kamba mbili zimekatwa.

Kenge Mzee kagusa kitu kizuri bila kujua. Torati inataja kumpiga mama na kumwapiza, lakini kumuua mzazi haikukutungia kifungu chake. Si Musa peke yake. Cicero, mwanasheria wa Roma ya kale, anasimulia kwamba Solon, mtunga sheria wa Athene, alipoulizwa kwa nini sheria zake hazina adhabu ya anayemuua mzazi, alijibu hakudhani kuna mtu angefanya hivyo. Warumi wao walidhani. Mhukumiwa alishonwa ndani ya gunia pamoja na mbwa, jogoo, nyoka na nyani, akatupwa majini, ili hata ardhi isimguse.

Sasa Agano Jipya. Mahali linapoitaja dhambi hii kwa jina ni hapa tu: 1 Timotheo 1:9. Union Version, ile tunayoiita ya zamani, inasema "wapigao baba zao, na wapigao mama zao". Ile ya Habari Njema inasema wanaowaua. Kwa nini moja ipige na nyingine iue? Kwa sababu neno la Kigiriki alilotumia Paulo limeunganishwa, mama na kitenzi chenye maana ya kupiga nafaka zitoke kwenye masuke. Yaani KUPURA. Mpura-mama.

Nimesoma tena bandiko la kwanza baada ya kuandika hivyo. Mkono umeniganda.

Siti ya Mbele

Duh.

Siti ya Mbele

Lakini nyani alikosa nini?

Frateri Mkimbizi

Nyani tumwache, nimalizie. Paulo anaandika katika dunia ambayo mpura-mama hakuwa mlevi wa kijijini. Mwaka 59 Nero alimuua mama yake Agripina. Alijaribu kwanza kwa mashua iliyotengenezwa ivunjike, mama akaogelea akafika pwani, ndipo akatuma askari. Kaisari huyo ndiye Paulo alikuwa amekata rufani kwake. Hakuna msomaji wa wakati ule aliyehitaji kuelezwa.

Watu wanasoma mstari wa 9 wanafunga Biblia. Endeleeni mpaka wa 15, sura ile ile, kalamu ile ile: "Kristo Yesu alikuja ulimwenguni awaokoe wenye dhambi, ambao wa kwanza wao ni mimi." Katoka kuwaorodhesha wapigao mama zao, wauaji, waibao watu, halafu anajiweka yeye mbele ya foleni. Kwa hiyo mwenyekiti anaposema haisameheki, anabishana na ukurasa wenyewe unaoitaja dhambi hiyo.

Mama Wawili

Nimesoma mpaka hapa nikahesabu. Nyani katajwa mara tatu. Binti wa marehemu, dada wa kijana, hajaulizwa na mtu.

Nyote mnagombania roho ya muuaji kama vile ni mchezaji anayesajiliwa. Huyo dada atakaa mkeka mmoja na mkono uliompiga mama yake, atamshika mkono huo kwenye "amani iwe nanyi", na mnamwambia ni Mkristo asamehe. Kusamehe kunaamriwa upande mmoja tu? Katibu, huyo dada anasema nini?

Katibu wa Kigango

Dada Mama Wawili, nilisema hajasema kitu kwenye kikao. Nyumbani kasema na mke wangu, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika hapa.

Mama alipofikishwa hospitali alikuwa bado anaongea. Polisi walipokuja kuchukua maelezo aliwaambia kateleza uwanjani, kaanguka juu ya kinu. Akarudia mara mbili. Jirani ndiye aliyesema ukweli, na kijana mwenyewe alipopata akili alikiri. Sisi wengine tulipopata habari hiyo tulisema, unaona, mama kamsamehe. Mpaka paroko alisema hivyo kwenye mahubiri ya mazishi, kwamba hiyo ndiyo radhi.

Dada anasema hapana. Maneno yake kama mke wangu alivyonipa: "Mama yangu hakuwahi kusema uongo. Huyu kamfanya afe na uongo mdomoni."

Sikuwa na jibu, wakuu. Ndiyo maana nilifungua uzi.

Ustadhi wa Chumbageni

Mimi si wa dini yenu, nimepita tu, lakini hapo kwa huyo dada nimesimama.

Kwetu Mtume aliulizwa nani anayestahiki zaidi kutendewa wema, akajibu mama yako, kisha mama yako, kisha mama yako, ndipo akataja baba. Kuwaasi wazazi kumepangwa na madhambi makubwa. Toba mlango wake uko wazi mpaka roho ifike kooni, hatutofautiani sana. Ila sheria yetu ina jambo moja la kiutendaji ambalo sijaliona kwenye uzi huu: muuaji harithi. Aliyemuua mzazi wake hapati hata shubiri ya shamba lake. Huyo kijana alianza ugomvi kwa magunia. Leo anakula wapi?

Katibu wa Kigango

Ustadhi, umeuliza swali ambalo kikao kizima hakikuuliza. Analala kwenye nyumba ya mama. Analima majaruba ya mama. Dada ameolewa kitongoji cha pili na hakudai kitu.

Mama Wawili

HAPO SASA.

Nawapa aya na mimi. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akauawa, Ahabu akashuka kwenda kulimiliki. Eliya akamkuta humo humo shambani, na swali lake lilikuwa hilo tu: umeua, na umerithi pia? 1 Wafalme 21. Na Zakayo hakuishia kulia juu ya mkuyu, alisema nusu ya mali yangu maskini, niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Halafu ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii.

Mlokole Asiyeyumba

Mnaanza kuweka masharti kwenye neema. Yule mnyang'anyi msalabani alirudisha nini?

Frateri Mkimbizi

Alikuwa amepigiliwa misumari, ndugu yangu, angerudisha na mkono upi? Huyu wetu mikono anayo na jembe analo.

Katekisimu 1459: maondoleo yanaondoa dhambi, hayatengenezi kila kilichoharibiwa na dhambi. Anayetubu bado ana deni la kufidia anachoweza kufidia. Mama hafidiki. Shamba linafidika.

Na kuhusu radhi. Kuna kisa cha kweli alichokiandika Agostino mwenyewe, si hadithi ya jikoni. Familia ya Kaisaria ya Kapadokia, watoto 10, wavulana 7 na wasichana 3. Mama mjane. Yule mkubwa akamtukana mama na kumpiga, wadogo wakatazama wasiseme kitu. Mama akawaapiza wote. Wote 10 wakashikwa na tetemeko la viungo, wakatawanyika duniani wakitetemeka. Wawili, Paulo na dada yake Paladia, wakafika Hippo, Afrika, kwenye kanisa la Agostino, siku 15 kabla ya Pasaka. Paulo akapona Jumapili ya Pasaka akiwa ameshika kizuizi cha masalia ya Stefano, Paladia siku ya tatu yake. Agostino akamsimamisha kijana mbele ya waamini na maelezo yake yakasomwa kwa sauti.

Katika maelezo hayo kuna jambo watu hulipita haraka. Yule mama, alipoona watoto wake wamekuwaje kwa kinywa chake, hakuweza kuishi na hilo, akajinyonga. Hakuna aliyemgusa siku ile, lakini hesabuni wenyewe ni nani alimuua. Na adhabu haikumwangukia aliyepiga peke yake. Iliwaangukia na waliotazama.

Mwana wa Kaloleni

Mimi ni wa huku Kilifi. Mwanielezea mtu mmoja mlevi aliyekaa jela miaka 10, nami namuonea huruma, wallahi. Kwetu wako wanaoua mama na baba zao na Jumapili wanaimba kwaya.

Hivi: mzee ana mvi na ana ekari. Wanawe wanataka kuuza. Mtoto wa mmoja augua, mganga aulizwa, mganga ataja mzee. Usiku watu wasiojulikana waja na mapanga. Asubuhi wanawe ndio wa kwanza kulia. Huku kuna Kaya Godoma, Ganze, wazee waliotuhumiwa wamekimbilia huko kunusuru shingo zao, wakitoroka watoto wa matumbo yao. Na ukiuliza, utasomewa Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Wamepata na aya ya kunolea panga.

Katibu wa Kigango

Usiende mbali mwana wa Kaloleni. Ni hapa hapa kwetu, Shinyanga, Simiyu, Geita, Mwanza, Tabora. Vikongwe wenye macho mekundu. Mtu kapikia kuni mbichi na mavi ya ng'ombe miaka 60 kwenye kijumba kisicho na dirisha, macho yatakuwa meupe kama maziwa? Nimezika vikongwe wawili kama katibu. Kwa mmoja wao tulijua kabisa nani kalipa. Alikaa benchi la mbele kanisani, kavaa suti, akapokea rambirambi kutoka mkononi kwangu.

Na hapo nakiri jambo. Yule hatukumjadili kwenye kikao. Hata siku moja.

Wakili wa Baraza

Kwa faida ya wasomaji: kumtuhumu mtu uchawi ni kosa la jinai Tanzania, Sheria ya Uchawi ni ya tangu 1928. Na anayelipa muuaji ni muuaji, hukumu ni ile ile ya kunyongwa, ingawa Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994.

Jambo la pili. Kesi za watoto kuua wazazi, nyingi nilizoziona zina ugonjwa wa akili ndani yake. Mtu amesikia sauti zinamwambia mama amegeuzwa, si mama tena. Mahakama ikiridhika inampeleka Isanga, Dodoma, kwenye taasisi ya wagonjwa wa akili, badala ya gereza la kawaida. Dini inasemaje kwa huyo?

Frateri Mkimbizi

Inasema tusimwite mpura-mama. Ili iwe dhambi ya mauti lazima ajue na akubali. Katekisimu namba 1735 inataja ujinga, hofu, mazoea na sababu za akili na jamii kuwa vinaweza kupunguza hatia au hata kuifuta. Mgonjwa anahitaji daktari na ndugu wa kumtembelea. Pombe ni kesi nyingine, maana kikombe cha kwanza alikiinua mwenyewe.

Hata zamani Wakristo walisumbuliwa na swali la aliyeua asijue. Kuna masimulizi ya Mtakatifu Juliani, ya Ulaya ya zama za kati. Alirudi nyumbani gizani, akakuta watu wawili kitandani mwake, akadhani mkewe anazini, akawaua. Walikuwa baba na mama yake, mkewe aliwapisha kitanda wageni. Maisha yake yote yaliyobaki akawa mvushaji kwenye mto, akivusha wasafiri na kuwalaza wakoma nyumbani kwake. Ni masimulizi, sidai kuwa historia. Ila angalieni watu walichoona kinafaa: hawakumfanya akae kanisani akilia. Walimpa mtumbwi.

Mtoto wa Mchungaji

Kwetu KKKT, Walutheri, huyo angepitia kurudi kundini. Ametengwa, anafundishwa na mchungaji au mwinjilisti, kisha siku ya ibada anaitwa mbele, anakiri, usharika unaulizwa unampokea, watu wanaitikia, ndipo anarudishwa mezani kwa Bwana. Hakuna kunong'ona na padre kwenye kibanda halafu Jumamosi watu wanamkuta kwenye mkeka.

Nimekulia nyumba ya mchungaji, kwa hiyo nina haki ya kusema na hili: nimeona kurudi kundini mara nyingi sana, na karibu zote walikuwa mabinti waliopata mimba na watu waliozaa bila ndoa kubarikiwa. Aliyelipa panga sijawahi kumuona pale mbele.

Mama Wawili

Asante kwa kusema, maana nilikuwa nakuja na hilo hilo kwa kasi.

Frateri Mkimbizi

Mtoto wa Mchungaji kanikumbusha kitu ambacho sisi Wakatoliki tulikuwa nacho na kikapotea njiani.

Karne ya 4 Kanisa halikuwa na kibanda cha maungamo. Mtaguso wa Ankira, mwaka 314, uliamua aliyeua kwa makusudi atubu maisha yake yote, komunyo kamili ataipata mwishoni mwa uhai. Baadaye Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, mji ule ule wa wale ndugu 10, akaweka hesabu kwenye kanuni yake ya 56. Aliyeua kwa makusudi, miaka 20. Minne ya kwanza anasimama NJE ya mlango, analia, na kila anayeingia anamwomba amwombee. Mitano inayofuata anaingia kusikiliza masomo, kisha anatoka. Saba anakaa na wanaosujudu. Minne anasimama na waamini bila kushiriki meza. Wa 21 anapokea. Aliyeua bila kukusudia, miaka 10 kwa ngazi zile zile.

Miaka 10. Kijana wetu kakaa 10, ila kakaa mahali ambapo hakuna aliyemuona akilia. Na kijiji hakikupata nafasi ya kumpita mlangoni kila Jumapili, mara ya kwanza ukageuza uso, mara ya hamsini ukamwangalia, mara ya mia ukasema salaam. Ngazi zile zilikuwa za mtenda dhambi, lakini nadhani zilikuwa na za yule dada pia. Mungu anasamehe kwa dakika moja. Watu wanahitaji mlango wa kusimama.

Sisemi turudi huko. Basili mwenyewe aliruhusu kupunguza muda kwa anayeonyesha juhudi. Nasema mwenyekiti wako anahisi kitu cha kweli, amekosea tu jina lake. Anasema "haisameheki" kumbe anataka kusema "si upesi hivyo".

Kenge Mzee

Nimekuja kubishana nimekosa pa kushika. Swali moja: na akifika mlangoni na dada hataki kabisa, mpaka kufa?

Mtoto wa Mchungaji

Basi hataki. Kaini aliua, Mungu akamtia alama asiuawe na mtu. Lakini sikusoma popote kwamba Adamu na Hawa walilazimishwa kula naye.

Mlokole Asiyeyumba

Hapo nimenyamaza, watumishi. Mimi bado naamini damu inatosha. Ila nitaomba kwa ajili ya dada kwanza.

Katibu wa Kigango

MREJESHO.

Wakuu, wiki tatu zimepita, watu wameniuliza inbox, naandika nilichokiona.

Nilikwenda kwa paroko na maneno yenu, ya mlango na ya shamba. Alinisikiliza, akasema la shamba lilipaswa kuulizwa mwanzo na amekosea. Kijana aliitwa. Hakubisha. Majaruba yamerudi kwa dada mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, yeye kahamia kwa baba mdogo, analima vibarua. Nyumba ya mama imefungwa, ufunguo anao dada. Aliuchukua bila kusema asante wala kitu kingine, akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Tukamwambia kijana habari ya wale wa zamani waliosimama nje. Si kama amri, nilimsimulia tu tukitembea kutoka parokiani. Alinyamaza mpaka tunafika lambo.

Jumamosi iliyopita zamu ya sala ilikuwa kwa dada. Nilidhani kijana hatakuja. Alikuja, akakaa nje, kwenye mzizi wa mwembe, mbali kidogo na kizingiti, anasikia lakini hatuoni vizuri. Mwenyekiti alimuona, akaniangalia, akafungua kitabu tukaanza. Wakati wa sadaka nilitoka na kikapu nikampelekea. Aliweka mia tano. Hakuna aliyesema neno.

Baada ya sala dada akagawa uji. Tulikuwa kumi na moja ndani, vikombe kumi na kimoja. Alipomaliza akasimama pale mlangoni na kata mkononi kwa muda, mtoto wake akiwa amemshika nguo. Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli, akalijaza, akaliweka chini kwenye kizingiti. Hakumwita. Akarudi kukaa, kaupa mlango mgongo.

Kijana alikaa mpaka watu wameanza kuaga ndipo akaja kulichukua. Uji ulikuwa umeshaganda juu. Aliunywa hapo hapo kasimama, akaliosha bakuli kwa maji ya mtungi, akalirudisha lilipokuwa.